Choo Kilichoachwa kwa Heshima

Tangu Bienfait atoke kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, bibi yake, Mama Fabien, hakutaka tena kusikia neno bahati. Mtoto alirudi mwepesi kama kifaranga, macho yamezama. Akirudiwa na ugonjwa ule, huenda asipone.

Na choo kilikuwepo. Fabien, baba wa mtoto, alikichimba nyuma ya nyumba yao pale Swima kabla hajaenda Ubwari kuvua. Kilikuwa na mfuniko, maji na sabuni. Lakini kila alfajiri Mama Fabien alimwona mkamwana wake, Solange, akijifunga kitenge na kushuka kwenye matete ya ziwa, karibu na pale wanapochota maji.

"Solange, mwanangu, choo imekukosea nini?"

Solange aliinamia jiko, akapuliza moto. "Mama, ile ni ya baba mukwe. Mi nitakaa fasi yeye anakaaka? Haya itaniua."

Mama Fabien hakugomba. Yeye pia, alipoolewa, asingethubutu hata kukalia kiti cha mkwe wake. Akamwendea mumewe, mzee Anatole, aliyekuwa akishona wavu.

"Baba Fabien, tuchimbe choo ingine, ya Solange."

"Vyoo mbili kwa nyumba moja? Batu batacheka! Batasema tunakulaka sana. Ile moja si ni yake? Mi siingiaka mule."

"We unaendaka wapi?"

Mzee akaishika sindano bila kushona. "Kwa matete, upande ya kijito. Nilisema Solange, mutoto wa wenyewe, asipate haya juu yangu."

Mama Fabien akamtazama kwa huruma. Miaka yote hii, na bado mwanamume huyu aliweza kumfanyia mtu wema bila kumwambia yeyote.

"Ni vizuri, Baba Fabien. Yeye amekuachia, we umemwachia. Lakini ile heshima yenu, Bienfait ndiye ameikunywa."



Mama Fabien akachukua jembe, akazunguka upande wa pili wa nyumba, ambako mlango wa choo kipya ungetazama mihogo na si uwanja. Akaanza kuchimba. Magoti yalimuuma.

"Mama Fabien, unazika nani?" jirani akamcheka.

"Kipindupindu! Leta koleo unisaidie kuizika."

Baadaye kidogo kivuli cha mzee kikaangukia shimo. "Toka mule, utavunjika kiuno."

"Nitatoka ukiingia."

Akaingia. Solange akaja na beseni, akasimama mbali, kisogo kwa mkwe wake, kama inavyopasa. Basi mzee alijaza beseni, Mama Fabien akalipokea, akamfikishia mkamwana, naye akaenda kumwaga udongo, akarudi kinyumenyume hadi Bienfait akacheka mlangoni.

Jua lilipokuwa kali, shimo lilimfika mzee kiunoni. Akaegemea jembe, akafuta jasho. "Inatosha hii."

"Bado," alisema Mama Fabien, akimnyooshea kikombe cha maji yaliyochemshwa. "Kunywa, kisha uchimbe."