Imani ya Alwyn Noske

Siku mume wangu Alwyn aliponiambia kwamba hamwamini Mungu, nilikuwa namenya viazi vya mchana, na sikuacha kumenya. Nilidhani ananitania. Ni mtu wa utani wa uso mkavu. Dhoruba ya vumbi ikishamfunika hadi kope, atakwambia leo kumetulia.

"Sitaki waje na kamera," alisema. "Mwambie Mchungaji."

Mchungaji ana makanisa matano na kwetu hufika mara moja kwa mwezi. Asubuhi ile alikuwa amepiga simu: wakubwa wake walitaka kurekodi ibada yetu ya nyota, watu wa mjini nao waione.

"Unaona haya gani leo? Miaka thelathini na moja unahubiri hapo uani."

"Si haya, Merle. Siamini. Ni muda mrefu sasa."

"Huamini nini?"

"Yote. Nikitazama juu naona nyota. Basi."

Niliweka kisu chini.

Mimi nilikuja kwenye mashamba haya ya kondoo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mpishi wa kikosi cha wakata manyoya. Mama yangu alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma, kifo kirefu cha maumivu, na mtu akinitajia Mungu nilikuwa natoka chumbani. Alwyn, niliyemkuta huku, hakunitajia. Usiku mmoja alitandika blanketi nyuma ya pikapu, akaniambia nilale chali nitazame. Akanionyesha Msalaba wa Kusini, akanionyesha Kilimia kinashuka magharibi, na yale mawingu mawili meupe ambayo si mawingu, ni nyota zisizo na idadi. Tulitazama mpaka baridi ikatuingia. Ndipo akasema, "Aliyezipanga hizi alimsikia mama yako akilia. Alikuwa macho usiku wote."

Nililia nikalowesha blanketi lake. Pasaka iliyofuata nilibatizwa kwenye kanisa letu la mabati, na kabla ya Krismasi tukaoana. Nimesoma mengi tangu hapo na kusikia mahubiri mengi, lakini ukiniuliza imani yangu ni nini, ni hiyo tu: alikuwa macho.

Ibada ya nyota tuliianza mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila mwezi, Jumamosi ya giza isiyo na mbalamwezi, watu walitoka mashamba ya mbali, wengine kilomita mia, na viti vyao vya kukunja na mablanketi. Mimi nilioka skonzi na kuchemsha chai. Alwyn alisimama mbele na kurunzi, akielekeza mwanga juu na kusema.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mwaka ule pampu ya kisima cha kaskazini ilipokufa."

Nilihesabu. Miaka kumi na tisa.

"Nilikuwa kule peke yangu," alisema. "Nimemaliza kazi, nikatazama juu nimshukuru kama kawaida yangu. Hapakuwa na mtu. Sikuwa na hasira wala msiba. Nilisubiri wiki, nikasubiri mwaka. Hakurudi."

"Na kila mwezi unasimama pale unawaambia watu!"

"Nilikuwa nasema kwa ajili yako."

"Usinitwishe, Alwyn. Uongo ni wako, ubebe mwenyewe." Nilisukuma viazi kando. "Nilipokatwa titi, ulinishika mkono hospitali tukaomba usiku kucha."

"Wewe uliomba," alisema. "Mimi nilikushika mkono."

Nikauliza nani mwingine anajua. Akageuza macho kwenye friji, nami nikajua yupo mtu.

"Glenys," alisema.

Glenys ni jirani yetu, kilomita arobaini, na ndiye rafiki niliyenaye. Nilipofika kwake alikuwa anamwosha mbwa kwa mpira wa maji. Aliniona usoni, akafunga bomba.

"Amekwambia," alisema.

"Wewe alikwambia lini?"

"Merle, ingia ndani kwanza."

"Lini?"

"Miaka kumi na minne. Alikuja kuazima trela, akalia hapo ulipo. Akanisihi nisiseme. Alisema itakuvunja."

"Kwa hiyo mkakaa mkaamua mimi ni kikombe."

"Ningefanyaje? Nije kwako na habari za mumeo kama mmbea?"

"Ndiyo! Umbea wa kila mtu umeniletea, nani kalewa, nani kamkimbia mkewe. Huo mmoja ndio ukaufungia kabatini! Unakula skonzi zangu, unaitika Amina, na unajua!"

"Mimi Amina yangu ilikuwa ya kweli," alisema Glenys, na akaanza kulia. Mbwa alijikung'uta maji akatulowesha wote wawili. Sikumfariji. Niliwasha gari nikaondoka.

Mchungaji nilimpigia nikamwambia kamera zisije. Jumamosi ya ibada ilifika na watu wakaja. Magari kumi na moja. Alwyn alibaki jikoni, mlango umefungwa. Niliwaambia hajisikii vizuri, na hapo hapo nikatambua kwamba na mimi nimeongopa.

Nilichukua kurunzi nikasimama mbele. Nilikuwa na maneno tele, ila kila nililolishika lilikuwa lake. Ule Msalaba, alinionyesha yeye. Yale mawingu, yeye. Hata lile la kuwa macho lilitoka kinywani mwake. Nilizima kurunzi. "Leo sina la kusema," nikawaambia. "Tazameni tu." Wakatazama. Baadaye mtu mmoja alianzisha wimbo, wengine wakapokea. Glenys, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, hakuimba.

Walipoondoka sikuingia ndani. Nilisimama uani kati ya alama za viti mchangani, nikainua uso, na kilichonitoka hakikuwa ombi.

"Na Wewe ulijua," nilisema. Nilisema kwa sauti, kondoo wakashtuka zizini. "Miaka kumi na tisa ulijua, ukaniangalia nikioka skonzi. Alwyn alijua, Glenys alijua, na Wewe ulijua kabla yao. Hakuna hata mmoja aliyeniambia! Unajiita rafiki?"

Nilimgombeza mpaka koo likakauka. Nilimtajia mama, nikamtajia titi. Sijawahi kusema na Mungu hivyo. Alwyn alinifundisha kushukuru, kugombana hakunifundisha. Na katikati ya makelele yale nilishtuka kuona kwamba siigombezi hewa. Mtu hapigi kelele hivyo mahali patupu. Sikupata jibu, na hasira haikupungua. Lakini kulikuwa na anayesikia, na safari hii hakuna mtu aliyenionyesha.

Nilipoingia, Alwyn alikuwa amekaa gizani.

"Nimekusikia," alisema. "Bado uko naye?"

"Niko naye. Nimemkasirikia, lakini niko naye."

"Na mimi?"

Nilichukua mto na blanketi kitandani kwetu, nikaenda kulala katika chumba cha wakata manyoya. Huu ni mwezi wa nne nalala huko. Asubuhi Alwyn hugonga mlango, huniachia chai kizingitini, na mimi huinywa. Glenys bado sijampigia.