Kompyuta Iliyoitwa Nipo

Katibu wa ofisi ya kuchora ramani za majengo alimpigia fundi simu asubuhi mapema, kabla fundi hajamaliza kufunga kamba za viatu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesengenya na anayesengenywa yuko chumba cha pili.

"Fundi, folda ya ramani imetufungia mlango. Kila tukiigusa inasema hatuna ruhusa. Njoo, dada yangu. Na ukifika, usimwambie bosi kwamba mimi ndiye niliyekuita."

Fundi alikuwa mwanamke aliyejipatia riziki kwa kuunganisha kompyuta za ofisi ndogo ndogo, na ofisi ile aliijua vizuri. Waya wake wote aliuvuta yeye. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na walioianzisha walikuwa pacha. Mmoja akawa bosi, mtu wa wateja na mikataba. Mwingine akawa mchoraji, mtu wa utani, na wote walimwita Shoto kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Walifanana hadi wateja wapya, wakisalimiwa na huyu mlangoni na yule ndani, walidhani wanachezewa shere.

Shoto alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Moyo wake ulisimama akiwa amekaa kitini anachora. Fundi alikuwa safarini, na habari zilimfikia mazishi yakiwa yamekwisha.

Alipofika alikuta ofisi imenyamaza kuliko alivyoizoea. Katibu alimwonyesha kwa kidevu chumba cha kuchorea. Humo alikuwemo mhandisi, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na mbele yake meza ya Shoto ikiwa tupu. Kwenye vumbi la meza bado ulionekana mraba safi mahali kompyuta ilipokuwa ikikaa.

"Kompyuta yake iko wapi?" fundi akauliza.

"Bosi aliiondoa mara tu baada ya mazishi," mhandisi alijibu. "Tulidhani ameipeleka nyumbani."

"Si ndiyo iliyokuwa na folda yenu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Lakini folda iliendelea kufunguka, basi hatukuuliza."

Fundi alivuta kiti akakaa. Jambo lile halikumkaa sawa kichwani. Kompyuta ikiwa imezimwa au imeondoka, wafanyakazi wangeambiwa haionekani. Kuambiwa huna ruhusa ni kitu kingine kabisa. Ni kubisha hodi ukajibiwa na mtu aliye ndani kwamba usiingie.

Alianza na mambo mepesi, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikagua waya wa mhandisi, ulikuwa mzima. Alituma ukurasa kwenye printa ya katibu, ukatoka. Alijaribu folda kwa kompyuta ya katibu, kisha kwa ya kwake mwenyewe aliyokuja nayo, na pote akapata jibu lile lile. Hapo akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiita kompyuta ya Shoto kwa jina lake.

Jina lenyewe alilichagua marehemu. Siku fundi alipokuwa akizipa kompyuta majina, Shoto alimwambia yake iitwe NIPO, ili bosi akimtafuta mtandaoni aridhike bila kuinuka kitini. Walicheka sana siku ile.

Sasa fundi aliandika NIPO, akabonyeza. Jibu lilirudi papo hapo. Mistari ikapanda kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukithibitisha kwamba aliyeitwa ameitikia. Mhandisi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Kaa chini," fundi alimwambia. "Ni mashine tu. Imewashwa mahali."

"Kuna jambo sijawaambia wenzangu." Mhandisi alishusha sauti. "Tuna ramani ya wodi ya wazazi, tunatakiwa kuikabidhi. Shoto alikuwa anachora mteremko wa kupitishia machela, akafariki hajaumaliza. Basi kila asubuhi nikiifungua, nakuta mteremko umesogea. Leo kidogo huku, kesho kidogo kule. Na palipoandikwa nani kabadilisha, jina ni lake. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaufuta wote. Kesho yake folda ikajifunga."

Fundi aliinuka kitini. Naye vinyweleo vilikuwa vimemsimama, ila alikuwa mtu wa kufuata waya, na waya haukosi mwisho. Alitoka hadi kwenye kabati la ukutani koridoni, pale nyaya zote zinapokutana. Kila waya alikuwa ameufunga kikaratasi kwa mkono wake mwenyewe: katibu, bosi, wachoraji, printa. Mmoja uliandikwa stoo. Aliuvuta zamani kwa tahadhari tu, na hakuna aliyewahi kuutumia. Taa yake ilikuwa inawaka na kuzima, dalili kwamba kuna mashine inayoutumia.

Aliuchomoa. Akaiita tena NIPO kwa kompyuta yake. Kimya. Kisha kutoka mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa stoo, akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

Mhandisi alikuwa amebaki chumba cha kuchorea. Fundi alibaki na ncha ya waya mkononi. Aliurudisha waya mahali pake. Kiti kikakwaruza tena, kama mtu aliyesimama anakaa.

Alienda. Alibisha hodi mara moja, akafungua bila kusubiri, maana alijua akisubiri atageuza njia.

Shoto alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, katikati ya maboksi ya karatasi kuukuu. Alivaa ile sweta yake ya kijivu iliyotoboka kiwikoni na miwani yake ya kamba. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mausi. Aligeuza shingo taratibu, na fundi akashika fremu ya mlango.

"Funga mlango, fundi," mtu yule alisema. "Vumbi."

Sauti ilikuwa ile ile, lakini pacha walikuwa na sauti moja. Fundi alimtazama vizuri, ingawa hakutaka. Mausi ilikuwa inamtetemeka kiganjani. Mkono ule haukuwa umezoea.

"Shikamoo, bosi," akasema.

Yule mzee alivua miwani. Akabaki na uso ule ule, ila sasa ulikuwa umechoka. "Marahaba. Ni katibu kakuita, najua. Hana kosa."

"Wanadhani uko ofisini kwako."

"Naingilia kule, napitia mlango wa kati, nakuja huku." Alikitazama kioo. "Nilidhani nikikaa kama yeye, mkono nao utajua alitaka kuupeleka wapi huu mteremko. Halafu yule kijana akaufuta wote. Nikatafuta palipoandikwa ruhusa, nikaondoa majina yote, nikaacha la ndugu yangu peke yake."

Fundi alikaa juu ya boksi. Alimpa pole ya msiba, akaomba radhi kwa kutokuwepo mazishini. Bosi akaitikia kwa kichwa.

"Unajua shida yangu ni nini, mwanangu?" alisema. "Mtu akifiwa, marehemu anaondoka, watu wanabaki na picha. Mimi ndiye picha yenyewe. Nikipita korido, katibu anaangusha kikombe. Asubuhi nikinyoa ndevu, namnyoa yeye. Mama yetu ni mzee sana, ananipikia, ananiwekea chakula, lakini tangu mazishi hajanitazama usoni. Anaongea na kifua changu. Huku stoo angalau hakuna wa kumtisha."

"Umenitisha mimi."

Bosi alitoa kicheko kifupi. Macho yakamlowa. Fundi alijilazimisha kutoyakwepa, akamtazama usoni moja kwa moja. Ilikuwa ngumu. Alikuwa akimwona Shoto, kisha bosi, kisha Shoto tena, mpaka polepole akabaki mzee mmoja tu mwenye sweta isiyo yake.

"Yule kijana hakuufuta kwa dharau," akamwambia. "Aliogopa. Kila asubuhi alikuta marehemu amefanya kazi."

Bosi aliiweka miwani mezani. Ilionekana jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Naweza kuirudisha folda kwa nguvu," fundi aliendelea. "Nina njia zangu. Lakini nisingependa. Afadhali uifungue wewe uliyeifunga."

Ilichukua muda. Fundi alimwelekeza mahali pa kubonyeza, naye akaandika majina aliyokuwa ameyaondoa: katibu, mhandisi, wachoraji. La mwisho lilikuwa lake mwenyewe, maana hata hilo alikuwa amelifuta. Alipofika hapo alisita, akaihamisha mausi upande wa kulia.

"Na jina la ndugu yangu?" aliuliza. "Utalifuta?"

"Litabaki kwenye kazi zake alizochora. Ila hakuna atakayeingia nalo tena. Neno la siri jipya uliandike wewe sasa hivi, refu, usilikumbuke."

Bosi alifumba macho akabonyeza herufi ovyo, mara ya kwanza, na ilipotakiwa kurudiwa ikakataa, kwa kuwa hakujua alichoandika. Mwishowe fundi alimwandikia herufi hizo ovyo kwenye kipande cha karatasi, bosi akazinakili mara mbili, kisha akakichana vipande vidogo sana.

Mhandisi aliitwa. Alifika mlangoni akasimama, rangi ikimpotea, kwa sababu sweta ilikuwa bado mwilini. Bosi aliivua, akaikunja mapajani.

"Njoo, mwanangu. Mteremko huu kumbe ni mkali. Machela itamponyoka mtu mkononi. Wewe ungeufanyaje?"

Kijana aliingia. Kisha akavuta boksi, akakaa, akanyoosha kidole kwenye kioo. Fundi aliwaacha wakibishana kuhusu kona.

Ramani ya wodi ilipitishwa. Katibu ndiye aliyempa fundi habari, siku aliporudi kubadilisha ruta ya mtandao. Kompyuta ilikuwa imerudi kwenye meza yake ya zamani, na kila mtu aliingia kwenye folda bila tabu. Bosi naye alishaacha stoo, akawa anashinda na wachoraji.

"Mmemzoea?" fundi aliuliza.

 Kabla katibu hajajibu, kikohozi kilisikika koridoni, kikavu, cha mtu asiye na mafua. Katibu aliweka kikombe chake mezani, akakisukuma mbali na ukingo.

"Siku hizi anakohoa kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Anatupa muda wa kukumbuka ni yupi."

Mlango ukafunguliwa, nao wote wawili wakainua macho.