Kitenge cha Jaruba

Faustina hakukaa. Ukumbi mzima pale Iyunga, Mbeya, ulikuwa umekaa, akina mama arobaini ndani ya kitenge kimoja, na yeye, mama mzazi wa binti anayeagwa kwenda kuolewa, amesimama kando ya kiti chake kama mlinzi wa benki. Watu walidhani ni furaha. Furaha gani, jamani.

Kitenge chenyewe alikibuni binti yake, Happy. Alisomea ubunifu wa vitambaa chuoni Iringa, na huko walimfundisha kuokota michoro kwa Mungu mwenyewe: magome ya miti, mishipa ya majani, mabaka ya konokono. Hiki cha sendofu yake ndicho kilichompa jina Mbeya mjini. Kina mistari ya kahawia iliyopasukapasuka, na katikati ya mistari kuna kialama kidogo kinachojirudia. Kifurushi kilipofika kijijini kwao Madibira kwa basi, majirani walishangilia. Faustina alikikunjua kitandani, akakitazama.

Lilikuwa jaruba lake la mpunga.

Tena picha aliituma yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomkereketa zaidi. Mwaka ule maji ya mfereji yalikatika mpunga ukiwa magotini, udongo ukapasuka mpaka mkono unazama kwenye ufa. Happy naye, akiwa bado chuoni, kila wiki alikuwa anapiga simu kuomba kompyuta. Baba yake, Clement, akasema huyu haamini kwamba hatuna kitu mpaka aone, mpigie picha umtumie. Faustina akapiga, akatuma. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: picha nzuri, mama. Wiki hiyohiyo Clement akaenda kushinda na kulala mferejini alinde zamu yake ya maji, akarudi na kichomi, na mwezi hakuumaliza.

Kile kialama sasa. Mguu wa kushoto wa Clement ulikuwa na vidole vitatu, viwili vililiwa na pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono. Siku ya mwisho ya maji alikanyaga tope la jaruba akihangaika kuzibua njia, na tope likakauka na unyayo wake. Picha ikauchukua. Leo mguu huo umechapwa kwa rangi, umeshonwa, umevaliwa na watu ambao hawakumjua hata kwa sura.

Angeweza kukataa kuvaa. Lakini mama asiyevaa sare ya sendofu ya mwanawe amemkataa mtoto mbele za watu, na wakwe wangeondoka na neno hilo mpaka kwao. Kwa hiyo alivaa. Kuvaa aliweza. Kukaa ndiko kulikomshinda, maana nyayo zile zilikuwa zimejaa sketi nzima, mbele mpaka nyuma.

Mshereheshaji akatania kwamba mama huyu ana miguu ya kijana, akamwomba akae ili ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iletwe. Hakukaa. Watu wakaanza kugeuziana shingo. Ndipo Happy akashuka jukwaani na gauni lake, akitabasamu kwa ajili ya kamera, akamnong'oneza.

"Mama, kaa basi. Wakwe wanakuangalia."

"Nikae juu ya mguu wa baba yako?"

Happy hakuelewa. Faustina akavuta sketi, akaweka kidole juu ya kialama, akamhesabia vile vidole, kimoja kimoja, mpaka cha tatu. Alitaka mtoto alie palepale, poda imchuruzike, sherehe ivunjike kama ni kuvunjika, potelea mbali. Alikuwa tayari kumsamehe yote kwa chozi moja tu.

Happy aliinama, akatazama. Kisha akainua uso, akaitafuta kamera ilipo.

"Mimi nilidhani ni jani, mama," akasema. "Na ndilo wateja wanalolipenda kuliko yote."

Faustina akaiachia sketi.

"Basi ni jani," akasema, akakaa.