Saini ya Bwana Sifuri

Wanafunzi walimwita Bwana Sifuri, si kwa sababu ya alama alizotoa, bali kwa sababu kila mwaka, siku ya kwanza, aliwaambia, "Hapa tunaanzia sifuri. Aliyesahau kujumlisha asione haya." Alifundisha hesabu katika mwaka wa maandalizi, darasa la watu waliokosa alama mbili tatu za kuingia chuo kikuu cha mkoa wao: mafundi, walinzi, akina mama waliokatiza masomo ili walee watoto. Wakifaulu, walipokelewa kusomea shahada. Yeye mwenyewe aliingia kwa mlango huohuo, miaka ishirini na sita nyuma.

Mwaka ule aliyemshangaza alikuwa muuguzi msaidizi wa hospitali ya wilaya, mama wa watoto watatu. Alikuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, sare ikinuka dawa, akakaa mbele kabisa ili usingizi uone aibu kumchukua. Muhula wa kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Wa pili, themanini na nne.

"Mwalimu, umekosea kujumlisha," alisema, karatasi kaishika kwa mikono miwili.

"Nimejumlisha mara mbili, dada yangu. Ni zako."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa sare.

Wiki mbili baadaye mkuu wa kitivo akamwita Bwana Sifuri ofisini. Makamu mkuu mpya wa chuo alikuwa amekuja na azma moja: kukiingiza chuo katika orodha ya vyuo bora. Orodha hiyo iliangalia alama za wanaopokelewa. Basi kamati ilipendekeza mwaka wa maandalizi ufungwe, na hata waliokuwamo wasipokelewe.

"Hawa waliomo tuliwaahidi," Bwana Sifuri alisema. "Na wakiingia wanamaliza. Takwimu ninazo."

"Ndugu yangu, takwimu zako nimezisoma. Wanaopanga orodha hawazisomi." Mkuu akamsogezea karatasi. "Wajumbe wote wa kamati wametia saini, umebaki wewe. Darasa likifungwa, mwalimu wake ataenda wapi? Idara ya hesabu kuna nafasi moja tu. Nisaidie nikusaidie."

Alijiambia kwamba hata akikataa, jambo lenyewe limeshapita. Alijiambia pia kwamba ana miaka hamsini na mbili, na hakuna chuo kingine kinachomngoja. Akasaini. Haikumchukua muda hata wa kukohoa.

Jumatatu akalisomea darasa barua. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi mabomba mmoja aliuliza kama wamalizie zoezi lililokuwa ubaoni au waliache. Wenzake walipotoka, muuguzi alibaki.

"Nani kaamua, mwalimu?"

"Kamati."

"Na wewe hukuwamo?"

"Mimi ni nani, dada yangu? Wakubwa wakishaamua..." Akaanza kufuta ubao. "Jaribu mwakani. Mambo hubadilika."

Muuguzi alimshukuru, tena kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomkosesha mwalimu raha siku nzima.

Siku ya nne muhtasari wa kikao ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kurasa sita, majina na saini chini. Bwana Sifuri alimkuta muuguzi pale, kidole juu ya kioo, anasoma mstari kwa mstari. Alitaka kurudi nyuma, lakini alikuwa ameshaonekana.

"Ungeniambia tu," muuguzi alisema taratibu. "Ningekasirika siku mbili tatu, yakaisha. Mimi nimeshawaambia wanangu nitaingia mwakani."

Akaweka sawa mkoba begani, akaondoka.

Chuo kilipanda ngazi kumi na moja katika orodha, likatundikwa bango langoni. Bwana Sifuri akahamia idara ya hesabu, kwa vijana waliojua jibu kabla hajamaliza kuandika swali. Hakuna aliyemwita kwa jina la utani, hawakulijua. Aliwahi kumwandikia makamu mkuu kuomba darasa lirudishwe. Hakujibiwa, naye hakuuliza tena.

Mwaka wa pili mama yake alianguka bafuni, akalazwa hospitali ya wilaya. Aliyekuwa zamu ni yule muuguzi msaidizi. Alikuwa anamgeuza bibi kwa upole, anambadilishia shuka, mwana alipoingia. Hakubadili uso.

"Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa? Usimpe maji mpaka daktari apite."

"Dada, mimi nilitaka—"

"Na dirisha hili lisifunguliwe. Ana kikohozi."

Akasukuma kitoroli chake hadi kitanda kilichofuata.

"Unamjua?" mama aliuliza.

"Alikuwa mwanafunzi wangu."

"Ana mikono myepesi. Mbona amebaki msaidizi? Alifeli?"

"Hapana, mama. Hakufeli."

Mama akangoja aendelee. Yeye akainama, akaanza kukunja nguo chafu za mama yake, moja moja, na kuzitia kwenye mfuko.