Ndiyo ya Evert

Taa nyekundu ya breki iliwaka Barbro Stenvall alipokuwa akirudisha gari nyuma kutoka kwenye maegesho ya duka la ushirika. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na mfuko wa viazi, aliokuwa ameufunga mkanda ili viazi visimwagike kwenye kona. Akaangalia breki ya mkono. Ilikuwa chini. Akaivuta, akaishusha tena. Taa haikuzimika.

Gari lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, urithi kutoka kwa mumewe Evert, fundi magari, aliyefariki msimu wa baridi uliopita. Evert alizoea kusema taa ile huwaka kwa sababu tatu tu: breki ya mkono, mafuta ya breki, au uzembe.

"Sijui niongeze na siagi," Barbro alisema peke yake, mguu ukiwa kwenye breki.

Pedali ikavuta hewa kidogo: *shup*.

Akazima injini, akarudi dukani, akanunua siagi. Alipofika nyumbani alikuta siagi ya friji imebaki karatasi.

Kesho yake alilipeleka gari kwa Holger, mdogo wake Evert, aliyekuwa na gereji ndogo nyuma ya nyumba yake.

"Shemeji, umekuja kwa breki au umekuja kwa kahawa?" Holger aliuliza.

"Kahawa yako nilishaacha kuinywa, naogopa itanikwangua koo. Angalia taa hiyo."

Holger aliangalia. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa mpaka kwenye alama. Alichomoa waya wa boya lililomo kwenye kikopo cha mafuta hayo. Taa ikaendelea kuwaka. Akachomoa waya wa breki ya mkono, ikaendelea. Alipandisha gari kwenye jeki akakuta pedi za mbele nene na diski hazina mikwaruzo. Mwisho akafungua dashibodi, akaitoa balbu yenyewe, akaishika kiganjani. Kwenye dashibodi, mahali pa balbu, taa iliendelea kuwaka vilevile.

"Basi si umeme," alisema, akaiweka balbu mfukoni.

Akaingia ndani ya gari, akawasha injini, akakanyaga pedali. "Labda nitazame busta," alijisemea.

*Shup*.

Holger hakuutoa mguu.

"Huyu ni Evert," alisema.

"Najua," Barbro alisema. "Jana aliniambia ninunue siagi."

Huku kaskazini mwa Sweden watu wa umri wao hawasemi ndiyo, wanaivuta. Wanabana midomo na kunyonya hewa kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto, na jambo limeshakubaliwa. Mtu wa kwetu Afrika angedhani amesonywa. Mtu wa kusini, wa Stockholm, hudhani hajajibiwa. Evert alikuwa mtu wa huku hasa: ndiyo yake ilikuwa pumzi, hapana yake ilikuwa kimya. Mkewe aliishi naye tangu ujana na hakuwahi kuchanganya hivyo viwili.

Afisa wa tume ya ajali alivichanganya. Basi la shule lilikuwa limeshindwa kusimama kwenye mteremko wa kanisa, likavunja barafu na kuzama ziwani. Watoto walikuwa wameshashuka. Folke, dereva, hakutoka. Basi hilo lilikuwa likihudumiwa na Evert katika gereji ya Roland, tajiri wake. Roland aliapa kwamba hakuna aliyemwambia breki zimechoka. Evert akaitwa chumbani peke yake, akaulizwa kama alimwambia tajiri wake. Akavuta pumzi. Afisa akasubiri, akauliza tena. Evert akavuta tena, akarudi nyumbani, akala chakula chake akiwa na amani. Ripoti ilipotoka ilisema fundi alikataa kujibu, na kwamba hakuna ushahidi kwamba mwenye gereji aliarifiwa.

Barbro alimwambia aende akaeleze. Evert alisema ameshaulizwa na ameshajibu, tena mara mbili, na mtu mzima habembelezi kuaminiwa. Akafa hivyo.

Tangu ripoti hiyo, Siv, mjane wa Folke, akimkuta Barbro kwenye foleni dukani alikuwa akiweka kikapu chini na kurudi kwenye mikate, akichagua mkate mpaka Barbro aondoke.

Holger alifungua boneti, akasikiliza busta, lile sufuria jeusi linalousaidia mguu kukanyaga breki.

"Kiwambo cha ndani kimepasuka. Kinanyonya hewa, ndiyo maana anaongea. Ninalo busta jingine kwenye rafu."

"Ukibadilisha?"

Holger akainama mlangoni mwa gari. "Kaka, nikibadilisha utabaki?"

Pedali ilinyamaza.

"Umesikia," Holger alisema. "Na nisipobadilisha, mwisho wa mwezi gari halipiti ukaguzi. Lisipopita, haliruhusiwi barabarani. Huko msituni kwako utaishi kwa kula nini, shemeji? Koni za misonobari?"

"Usibadilishe. Mpigie simu yule afisa wa Stockholm."

Afisa huyo, Pontus, alikuja baada ya wiki moja, kwa kuwa alikuwa na safari nyingine ya huku. Alivaa viatu vya mjini na aliteleza mara moja tu. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akaweka kinasa sauti juu ya dashibodi, akataja tarehe, mahali na waliohudhuria. Kwamba shahidi alikuwa marehemu halikumsumbua. Tume ilikuwa na kifungu cha jambo hilo.

"Evert Stenvall," alisema, "ulimwarifu mwenye gereji kwamba breki za basi zimechoka? Tafadhali jibu kwa maneno."

*Shup*.

Pontus alisubiri. Theluji ilidondoka kutoka kwenye paa la gereji.

"Hajajibu," alisema.

"Amejibu," Barbro alisema.

"Mama, nimesikia hewa inavuja."

"Hewa hiyo ndiyo ndiyo yenyewe."

"Kwako wewe, sawa. Kwenye kinasa sauti ni hewa."

"Basi andika kwamba huku hewa ni ndiyo."

"Siwezi kuandika desturi, mama. Ninaandika majibu."

"Muulize jambo la uongo uone atakavyonyamaza."

Pontus, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza Evert kama alizaliwa Stockholm. Pedali ilinyamaza. Akausikiliza mkanda wa sauti wote tangu mwanzo, akakiri kwamba kwa sikio lake hakuna tofauti. Alishukuru kwa kahawa, ambayo hakuimaliza, akaondoka.

Habari zikafika kijijini bila mtu kuzipeleka. Jumapili Siv alikuja hadi uani kwa Barbro akisukuma kibao chake cha kuteleza juu ya theluji, chenye kiti na mpini. Hakusalimia. Alifungua mlango wa gari, akaketi mbele ya usukani, mkoba mapajani, kofia kichwani.

"Liwashe," alisema.

Barbro alipitisha mkono dirishani, akawasha injini, akasogea pembeni, ila si mbali. Siv akaweka mguu juu ya breki.

"Ulimwambia Roland?"

*Shup*.

"Mara moja tu?"

Kimya.

"Mara nyingi?"

*Shup*.

Siv alifungua mkoba, akaufunga. Alizaliwa huku, hakuhitaji kurudiwa.

"Na Folke? Folke naye alijua?"

Safari hii ilichelewa. Injini ilinguruma, taa nyekundu ikamulika vidole vyake kwenye usukani.

*Shup*.

Aliendelea kukaa. Baadaye akauliza swali jingine kwa sauti ndogo ambayo Barbro hakuisikia, na jibu lake pia hakulisikia. Kisha Siv akashuka.

"Tairi lako la nyuma halina upepo," alisema.

"Nitamwambia Holger."

"Mwambie." Akakishika kibao chake. "Folke hakupenda watoto warudi kwa miguu gizani. Alikuwa kichwa ngumu kama nguzo."

"Walikuwa wawili," Barbro alisema.

Siv akavuta pumzi, akaenda zake. Wiki iliyofuata alibaki kwenye foleni, nyuma ya Barbro, na kikapu chake mkononi.

Barua ya tume ilisema hapakuwa na jipya. Ripoti ikabaki ilivyo. Gari halikupita ukaguzi, likapigwa marufuku barabarani, likaegeshwa karibu na banda la kuni. Barbro huliwasha asubuhi akiwa na kikombe chake cha kahawa, huuliza anayotaka kuuliza, hulizima. Balbu bado iko mfukoni mwa Holger.

Kwenda dukani sasa Barbro hupanda basi la shule, ambalo huchukua na watu wazima kiti kikiwapo. Basi ni jipya kidogo kuliko lile lililozama. Linahudumiwa na Roland, ambaye alishinda tena zabuni ya halmashauri.

Siku ya kwanza Barbro alikaa nyuma ya dereva, kijana mnene wa kijijini, mtoto wa binamu yake Folke. Wakati wa kurudi, walipokaribia mteremko wa kanisa, aliona kwenye dashibodi kipande cha utepe wa gundi. Chini yake kulikuwa na wekundu.

"Hiyo ni taa ya nini, mwanangu?"

"Ya breki. Inawaka tu, nikaiziba isiniumize macho."

"Roland umemwambia?"

Kijana akabana midomo, akavuta hewa: *shup*.

Basi likaanza kushuka. Barbro aliufunga mkanda mfuko wa viazi, kisha akajifunga wake.