Wageni na Wenyeji

Maskhara yale aliyatunga mwenyewe, na aliyaonea fahari. Alikuwa fundi wa maabara. Alipokea vipande vya uvimbe uliokatwa kwenye maini ya wagonjwa wa saratani, akavipima alama tano za vinasaba, akatoa hesabu moja. Hesabu ikiwa chini, mgonjwa alitarajiwa kuishi miaka mingi. Ikiwa juu, ugonjwa ungerudi upesi, hata kama daktari angekata vizuri namna gani. Vipande havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu. Basi akachukua kalamu nene, akaandika kwenye masanduku mawili ya friza: la hesabu za chini WENYEJI, na la hesabu za juu WAGENI.

"Mgeni siku mbili," aliwaambia wenzake. "Hawa wageni wetu jembe hawalifikii." Maabara nzima ikaangua kicheko.

Akayasimulia tena mezani kwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. "Una roho mbaya wewe," alisema. "Mdomo huo utakuponza."

Mwaka haukuisha, dada akapasuliwa ini. Daktari alisema uvimbe wote umetoka, na jamaa wakashusha pumzi.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, fundi alipima namba 417 huku akipiga mluzi. Akatia sahihi yake yenye mkia mrefu kwenye ripoti, akakitupa kipande kwa wageni. Ndipo akasoma fomu iliyokuja nacho: mwanamke, miaka hamsini na mbili, uvimbe wa sentimita saba, na tarehe ya upasuaji. Ilikuwa tarehe ya dada yake, na siku ile hakupasuliwa mwanamke mwingine. Alirudia kipimo, akarudia tena. Hesabu haikuona haya, ilibaki palepale. Ripoti ikaenda hospitali, maana huo ndio utaratibu.

Jumamosi dada akamwita. Alimkuta sebuleni amekaa wima, simu mapajani. Binti yake wa pekee alikuwa akisoma ng'ambo, na bado alikuwa na miaka miwili ya masomo mbele yake.

"Daktari ananizungusha," dada alisema. "Mara tusubiri, mara tutaona. Wewe ndiye mwenye vipimo. Kama siku zangu ni chache, nimwite mwanangu leo tukae wote. Kama ni nyingi, amalize masomo yake. Niambie, mdogo wangu. Mimi ni mgeni au mwenyeji?"

Tusimpambe mtu huyu. Hakumhurumia dada yake, alijihurumia mwenyewe. Aliogopa kuuona uso ule ukibadilika mbele yake, basi.

"Mwenyeji, dada. Mwenyeji kabisa."

Dada akapiga simu palepale. "Mjomba wako kanihakikishia, mimi ni mwenyeji, siku zangu ni nyingi. Usije, mwanangu. Wewe soma." Alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo hakumuuliza daktari kitu tena, na fundi alikunywa chai yake vikombe viwili akarudi kwake.

Mwezi wa tisa macho ya dada yakawa ya manjano. Mwezi wa kumi na moja akafa. Binti aliitwa ugonjwa ulipozidi, akapata ndege kwa taabu, akakuta kaburi bichi.

Fundi alipoingia msibani siku ya pili baada ya mazishi, alimkuta mpwa wake ameketi katikati ya wanawake, faili la hospitali magotini. Lilikuwa limefunuliwa kwenye ripoti ya Alhamisi ile. Hata kutoka mlangoni aliutambua mkia wa sahihi yake.

Alisubiri shikamoo. Haikuja. Binti alimtazama, kisha akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake.

"Mtafutieni huyu kiti," alisema taratibu. "Ni mgeni."

Kiti kikaletwa, kikawekwa karibu na mlango.