Robo Saa Kilimani

Kabla mama yake hajapatwa na kiharusi, Clotilda alikuwa akipanda kilima cha Bugarama kila alfajiri, akichora mabonde na mlima wa ng'ambo mpaka jua lipande, kisha anarudi kumalizia picha chumbani. Sasa ni mwaka wa pili anachorea chumbani tu, kwa kukumbuka, kitanda cha mama kikiwa hatua tatu nyuma yake.

Kaka yake Novatus, anayeishi Biharamulo, aliahidi kuja kumpokea zamu ya kumuuguza mama kwa siku mbili. Clotilda akaosha brashi zake zote. Jumamosi asubuhi Novatus akapiga simu.

"Dada, imeshindikana. Labda mwezi ujao."

Clotilda akarudi kwenye picha aliyoianza. Mama akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huo mlima siujui."

Clotilda naye akautazama. Kweli, alikuwa ameanza kuusahau.

Akamnywesha mama uji, akampangia mito vizuri, akatoka karibu akikimbia kwenda kilimani. Kule juu alichora robo saa tu, macho yakiwa kwenye mlima ule na masikio yakiwa nyumbani.

Aliporudi alimkuta mama sakafuni. Hakuwa ameumia, ila nguo zake zilikuwa zimelowa, naye alikuwa akilia kimya kimya kwa aibu.

"Umeuona?" mama akauliza.

"Nimeuona, mama."

Akamwinua, akamwogesha, akamvalisha gauni safi. Kesho yake kulipopambazuka Clotilda alivaa viatu, akafungua mlango, akasimama pale kizingitini. Kisha akavivua, akaenda kuwasha moto wa uji.